Otisimu: mtoto mwenye haitiki jina lake, na kazi yenye jamaa inaweza kuanza nyumbani

Mtoto ana miaka 3. Mama anamwita akiwa kwenye babula: mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Hageuki. Lakini simu ya baba ikianza kulia chumba kingine, anakimbia mbio kuifuata. Basi masikio yanasikia. Hachezi na wenzake wa parsele. Yeye anapanga vifuniko vya chupa kwa mstari, toka mlangoni mpaka ukutani, na mtu akisogeza kimoja tu analia saa nzima. Yale maneno machache alikuwa nayo alipofika mwaka mmoja na nusu yamepotea.

Katika mitaa ya Goma, Bukavu, Bunia ao Uvira, habari ya namna hii hufuata karibu njia moja. Mama mkwe anauliza ile mimba ilibebwa namna gani. Jirani anasema: « Huyu mutoto banamuloga. » Mwengine anasema mama alikula kitu cha mwiko. Baba naye anasema kwao hakuna mtu wa hivyo, mambo hiyo inatoka upande wa bakwe. Mara mingi, kabla munganga hajamuona mtoto hata siku moja, mama amekwisha kuhukumiwa.

Hali hiyo inaitwa otisimu. Watanzania na Wakenya wanasema usonji. Ni namna ubongo unavyokua tofauti tangu tumboni, na inaonekana zaidi fasi tatu: kuongea na watu, kucheza na kuishi na wengine, na kupenda sana jambo moja linalorudiwa vile vile. Kuko mtoto mwenye hatasema neno hata akiwa mkubwa. Kuko mwengine anasema vizuri sana, anajua majina ya mito yote ya Kongo, lakini hajui namna ya kuingia katika mchezo wa mpira. Shirika la afya duniani, OMS, linakadiria kwamba mwaka 2021 karibu mtu 1 kwa watu 127 alikuwa na otisimu. Kama hesabu hiyo ni sawa huku pia, eneo la afya lenye wakaaji 10 000 lina watu karibu 80 wa namna hiyo. Wengi wao hawajawahi kuandikwa kwenye daftari yoyote.

Lawama kwa mama haikuanzia Kivu

Mwaka 1943 munganga Leo Kanner, wa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wenye walifanana na yule wa vifuniko vya chupa. Aliona vizuri mambo mengi. Lakini yeye na wengine baadaye waliwaangalia wazazi na kusema ni watu baridi, hawana joto kwa watoto wao. Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule ya watoto wenye shida mjini Chicago, alilisukuma wazo hilo mbali zaidi katika kitabu chake cha 1967: mama njo alimfanya mtoto ajifunge. Watoto walitenganishwa na wazazi ili wapone. Wamama wa Marekani na wa Ulaya walibeba aibu ile kwa miaka mingi, na tofauti na ile ya hapa ni kwamba yao ilisemwa na watu wenye diploma.

Mtu mmoja aliyeibomoa alikuwa mzazi mwenyewe. Bernard Rimland, psikologe na baba wa mtoto mwenye otisimu, alitoa kitabu mwaka 1964 akionyesha kwamba shida iko katika ubongo, haiko katika mapendo ya mama. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter, huko Uingereza, walichunguza jozi 21 za mapacha na kuona kwamba mapacha wa kufanana kabisa walishirikiana hali hiyo mara nyingi kuliko wale wasiofanana. Tangu hapo utafiti umeendelea kuelekea upande huo: sehemu kubwa ni ya urithi, na mambo kama kuzaliwa kabla ya wakati yanaweza kuongeza hatari. Chakula cha mwiko hakimo. Laana haimo.

Chanjo nayo haimo, na hili lazima lisemwe wazi katika majimbo ambako surua inarudi kila mara. Wasiwasi ulitoka kwa makala moja ya 1998 ya munganga Mwingereza Andrew Wakefield, juu ya watoto 12 tu. Gazeti la wanganga lililoichapa liliifuta mwaka 2010, na mwandishi akanyang'anywa ruhusa ya kazi katika nchi yake. Nchini Denmark, utafiti uliotolewa 2019 ulifuata watoto zaidi ya 650 000: wenye walichanjwa na wenye hawakuchanjwa hawakutofautiana kwa otisimu.

Alama za kuangalia

Mwaka mmoja: mtoto haitiki jina, haonyeshi kitu kwa kidole, hapungi mkono. Mwaka mmoja na nusu: hakuna neno, hamletei mama kitu ili wakiangalie pamoja. Miaka 2: haunganishi maneno mawili. Na kwa umri wowote, mtoto mwenye alikuwa anasema akaacha kusema, huyo asingojewe. « Hata baba yake alichelewa kusema » ni neno la kutuliza moyo, lakini linakula miaka.

Jambo moja la huku linawachanganya hata watu wa kazi. Vitabu vya ng'ambo vinasema mtoto wa otisimu haangalii machoni. Sasa, katika jamaa nyingi mtoto mwenye adabu anafundishwa kuinamisha macho akisalimia mkubwa. Kwa hiyo macho yaangaliwe wakati wa mchezo na mama ao dada yake, yasiangaliwe wakati wa kumsalimia mgeni mwenye koti jeupe. Luga nazo hazina kosa: nyumba yenye inasema Kiswahili, Mashi ao Kinande na Kifaransa haileti otisimu, na hakuna haja ya kuacha luga ya nyumbani ili mtoto « asichanganyikiwe ».

Mlango wa kwanza ni sentre ya afya, siku ya kupima watoto kilo ao siku nyingine. Infirmiye anaweza kuanza na mambo matatu. Masikio: mtoto kiziwi na mtoto wa otisimu wanaweza kufanana kwa mbali. Kifafa: watoto wenye otisimu wanakipata mara nyingi kuliko wengine, na kuko kifafa kisicho cha kuanguka, mtoto anakauka tu macho kwa sekunde chache. Tena historia: malaria kali iliyopanda kichwani, meninjiti, kuzaliwa bila kulia. Mambo hayo yanaweza kuacha ulemavu mwengine wenye unahitaji msaada wake. Kwa kifafa na magonjwa ya akili, Goma iko na Tulizo Letu, Bukavu iko na SOSAME, zote mbili za Mafrere wa Charité. Bukavu tena kuko kituo cha Heri Kwetu, kinachojulikana kwa watu wenye ulemavu. Lakini jamaa ya Shabunda ao ya Walikale haiwezi kungoja safari hiyo ndipo ianze kazi.

Chumba cha maombi

Kuomba hakukatazwi na mtu. Jamaa nyingi zinapata nguvu kanisani, na mchungaji mwenye anawaambia washirika « mtoto huyu ni wetu » anafanya kazi yenye hospitali haiwezi. Shida inaanza pale mtoto anapofungiwa, ananyimwa chakula siku tatu, anapigwa ili « roho itoke », anawekewa pilipili machoni. Mtoto mwenye haongei hawezi kusema wamemfanya nini. Kwa yule mwenye kelele zinamuumiza masikio, usiku mzima wa ngoma na vipaza sauti ni mateso hata bila fimbo.

Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, juu ya ulinzi wa mtoto, inaadhibu kumshitaki mtoto ulozi: kifungo cha mwaka 1 hadi 3 pamoja na faini. Inamhusu pasta, mfumu, na mjomba vilevile.

Kazi yenyewe

Hakuna dawa ya kuondoa otisimu. Kuko kazi, na sehemu kubwa yake inafanyika chini, kwenye mukeka.

Turudi kwa mtoto wa vifuniko. Wakubwa wengi wanataka kumtoa pale: « Acha mambo ya bupumbafu, kuya hapa! » Njia iliyojaribiwa inafanya kinyume. Mzazi anaketi chini, uso wake mbele ya uso wa mtoto, chini kidogo kuliko macho yake. Anachukua kifuniko, anakiweka kwenye ule ule mstari, anasema neno moja: « Kifuniko. » Kisha ananyamaza. Anahesabu moyoni mpaka kumi. Hapo njo pagumu, kwa sababu mkubwa hajazoea kungojea mtoto. Anauliza, anajijibia, anauliza tena. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya nne mtoto anatupa jicho kwa mkono wa mama. Siku nyingine anamsukumia kifuniko: zamu yako. Hayo ni mazungumzo tayari, hata bila neno.

Kwa uji ni vile vile. Badala ya kujaza kikombe, mama anaweka kidogo tu. Mtoto anamaliza, anavuta mkono wa mama kuelekea sufuria. Mama asiseme « Sema uji! Sema uji ao sikupe! » Mkono uliovutwa ni ombi, na ombi linajibiwa: « Uji. Tena uji. » Anaweka kidogo. Chakula kimoja kimetoa nafasi kumi za kuongea. Mtoto asiye na neno anapewa neno moja. Mwenye anasema neno moja anapewa mawili: akisema « maji », mama anajibu « maji baridi ». Sentensi ndefu za kumhubiria zinapita juu ya kichwa chake.

Picha zinasaidia wengi. Namna moja yenye inajulikana ilianzishwa mwaka 1985 na Wamarekani Andy Bondy na Lori Frost: mtoto anachukua picha ya kitu anachotaka, anaiweka mkononi mwa mtu, anapewa kitu. Vifaa vya kununua viko ghali, lakini kartoni ya biskuti na bik vinatosha kuchora kikombe, choo, mlango, kitanda. Mara mingi wazazi wanaogopa: « Akizoea picha, atakuwa muvivu ya kusema. » Tafiti hazikuona hivyo, picha haizuii neno, na kwa wengine inalifungulia njia.

Picha hizo hizo zikibandikwa ukutani kwa mpango zinakuwa saa ya mtoto: kuamuka, kunawa, uji, kucheza, kulala. Watoto wengi wa otisimu wanaumizwa na kitu cha ghafula. Mama akijua kwamba leo hawapiti njia ya kila siku kwenda kisimani, anaonyesha kabla ya kutoka.

Kumfundisha kazi za mwili, unaikata vipande. Kunawa mikono ni vipande sita ao saba: kukunja mikono ya shati, kuinamisha bidon, kulowesha, sabuni, kusugua, kuosha, kupangusa. Mzazi anamshika mkono kwa vipande vyote, anamwachia cha mwisho peke yake: kupangusa. Akikiweza, anamwachia viwili. Kuanza kwa nyuma kunaonekana ajabu, lakini kila mara mtoto anamaliza kazi kwa ushindi wake mwenyewe. Choo kinafundishwa vile vile, kwa miezi, bila kupiga.

Halafu kilio, kuuma, kujigonga kichwa. Swali la kwanza liwe la mwili: jino, sikio, minyoo, kufunga choo. Mtoto asiyesema « tumbo inauma » anaweza kusema kwa kichwa chake ukutani. Kama mwili ni muzima, mzazi anaandika kilichotangulia na kilichofuata. Soko ya Kadutu saa kumi ya mchana, pikipiki, spika za wauza dawa, watu kumgusa: amelia. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, njia ni tupu: hakulia. Basi inajulikana. Ama mtoto anapiga ndugu yake kila akinyimwa simu, na kila akipiga anapewa ili anyamaze; hapo ndugu zake wenyewe wamemfundisha kupiga bila kujua. Fimbo haielezi chochote kwa mtoto mwenye haunganishi kosa na adhabu. Inamfundisha tu kwamba wakubwa wanapiga.

Nani alijaribu

Watu wengi watauliza kama kazi hii bila munganga mkubwa ina maana. Swali hilo lilijaribiwa Goa, India, na Rawalpindi, Pakistani, fasi ambako wataalamu ni wachache kama huku. Wafanyakazi wa afya wa kawaida, wasio madaktari, walifundishwa. Wao wakaketi na wazazi wa watoto 65 wenye miaka 2 hadi 9. Nusu ya jamaa ilipata msaada huo: mafunzo 12 kwa miezi 6, mzazi anachukuliwa video akicheza na mtoto, kisha wanaiangalia pamoja wakitafuta ile dakika yenye mtoto aligeuka. Nyumbani, nusu saa kila siku. Matokeo yalichapwa mwaka 2016. Wazazi walijifunza kumfuata mtoto, na watoto wao walianza zaidi wenyewe kuwasiliana nao. Kuko pia jambo halikwenda: muda wa mtoto na mzazi kuangalia kitu kimoja pamoja ulipungua. Si muujiza. Lakini chombo chao kikubwa kilikuwa video, na simu yenye kamera iko tayari mfukoni mwa RECO wengi.

OMS nayo ilitengeneza, pamoja na shirika la Marekani Autism Speaks, mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ukuaji wa kuchelewa: vikao 9 vya kikundi na matembezi 3 nyumbani. Jambo zuri ni kwamba mtoto hahitaji kwanza karatasi ya munganga yenye neno « otisimu ». Katika zoni ya afya isiyo na psikologe hata mmoja, karatasi hiyo inaweza kukawia miaka. Mwaka 2022 mafunzo hayo yaliwekwa pia kwenye intaneti, kwa mwenye anaweza kulipa megabaiti.

Njia zenye watu wanaona kwenye video za Ulaya na Marekani ni nzito zaidi. Ile ya Ivar Lovaas, iliyojulikana sana mwaka 1987, ilitaka saa 40 kwa juma za mwalimu mmoja kwa mtoto mmoja. Hakuna jamaa ya Kadutu ao ya Katindo yenye inaweza kulipa hiyo. Tena watu wazima wenye otisimu, wenye walipita humo wakiwa watoto, wengine wanailalamikia: walilazimishwa kuangalia machoni na kukaa mikono kimya mpaka kuchoka, ili tu waonekane kama wengine. Mtoto akipunga mikono kwa furaha, hamuumizi mtu. Nguvu za jamaa ziende kwa choo, kwa kula, kwa kusema « inauma », kwa kuvuka barabara.

Dawa, na zile zisizo dawa

Kama mtoto iko na kifafa, vidonge vyake ni vya kila siku, na visikatwe ghafula hata kama hajaanguka miezi mingi. Kukata ghafula kunaweza kuleta kifafa kisichokoma. Risperidone ao haloperidol, munganga anaweza kuziandika wakati mtoto anajiumiza sana, na wakati huo zina kazi. Zinapunguza ghasia, hazifundishi kusema. Zinaweza kunenepesha, kulaza mchana kutwa, kukakamaza mwili. Mzazi ana haki ya kuuliza: ya nini, kwa muda gani, tutapima nini?

Kwenye mitandao wanauza mengine. Maji ya klorini yanayoitwa « madini ya muujiza » ni dawa ya kupaushia nguo, yanachoma matumbo ya mtoto. Dawa za « kuondoa metali » mwilini ziliwahi kuua. Mwenye anasema ataponyesha otisimu kwa chupa moja anatafuta franga.

Shule

Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 mwezi wa tano 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu, na kusoma ni mojawapo. Masomo ya msingi ni ya bure tangu 2019. Kwenye karatasi mlango umefunguka mara mbili. Darasani mwalimu iko na watoto 70, wengine wanaketi chini, na direkta anamwambia mama: « Umurudishe nyumbani, anasumbua benzake. »

Mwalimu huyo hakosi roho, anakosa nafasi. Bado kuko vitu vidogo visivyo na bei: kumketisha mbele, karibu na ukuta, mbali na dirisha, kumpa kazi ya mikono kama kugawa chaki, kumwambia kwa maneno machache, moja baada ya lingine, kumpa mwenzake mmoja wa kukaa naye. Mtoto anayeshindwa siku nzima anaweza kuja saa moja na nusu kwanza. Wazazi wakikataliwa, waombe direkta aandike sababu kwenye karatasi. Mara mingi, mbele ya karatasi, mazungumzo yanaanza upya.

Wakati wa kukimbia

Tangu vita ilipoingia Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, jamaa nyingi zimekimbia mara mbili, mara tatu. Kwa mtoto wa otisimu, mlio wa bunduki ni kitu kimoja. Kupoteza kitanda, sahani na njia ni kingine, na wengine wanarudi nyuma, wanaacha kusema, wanakataa kula. Wengi wanakula vitu viwili vitatu tu. Yule mwenye anakula bugali ya muhogo tu hatakubali ya mahindi ya msaada siku ya kwanza: achanganyiwe kidogo kidogo.

Mfuko wa kukimbia uwe na kitu chake kimoja, hata kama ni vifuniko, na pamba ya masikio. Namba ya simu iandikwe ndani ya nguo, na siku ya hatari kwa bik kwenye mkono. Picha ya sasa iwe kwenye simu za watu wawili. Kwenye bariyeri, askari akiuliza jina na mtoto haitiki, mkubwa aseme mbele, kwa sauti ya pole, mikono ikionekana: « Haongei, iko na ulemavu, njo mutoto wangu. »

Akipotea, watafute maji kwanza. Watoto wengi wa otisimu wanavutwa na maji, na Marekani, kati ya wale waliopotea na kufa, kuzama ndiyo ilikuwa sababu ya kwanza. Kwa mwenye anaishi karibu na ziwa ao na Ruzizi, watu wawili waende pwani mara moja, wengine ndipo wazunguke mitaa.

Mama naye

Kazi yote hiyo inaangukia mtu mmoja. Baba wengi wanabaki. Wengine wanaondoka, wengine wanabaki bila kubaki. Mama haendi harusi, haendi soko, halali, kwa sababu mtoto halali. Akianza kulia bila sababu ao kuwaza kufa, hiyo ni ugonjwa wenye unatibiwa, na Tulizo Letu ao SOSAME ni za kwake pia.

Addis Ababa, Ethiopia, kituo cha kwanza kwa watoto hao kilifunguliwa mwaka 2002 na mama, Zemi Yenus, mwenye mtoto wake alikuwa amefukuzwa shule nyingi. Huku, wamama wanaketi pamoja tayari kila juma katika AVEC. Watatu wenye watoto wa namna moja, wakipeana saa mbili za kulinda kwa zamu, mmoja anaweza kulala. Ndugu zake nao waambiwe ukweli kwa maneno yao: anasikia, anapenda, hajui namna ya kucheza, umufundishe mchezo mumoja. Mara mingi dada wa miaka 8 anashinda wakubwa wote kwa kazi ile ya mukeka.

Siku ya kwenda sentre ya afya, mzazi abebe daftari: maneno mtoto alikuwa nayo na mwezi yalipotea, anachokula, saa anazolala, kilichotangulia kilio na kilichofuata, kama amewahi kukauka macho. Na kwenye simu, video mbili fupi: moja akicheza peke yake, moja mama akimwita jina.